Nina miaka 37, niko Bamburi, nataka kujifunza kuwinda. Nianzie wapi?

Baba Swaleh wa Bamburi

Asalaam aleikum, na kwa wengine hamjambo.

Kazi yangu ni uajenti wa mizigo bandarini Kilindini. Kutwa ni makaratasi ya kontena na simu za wateja, jioni ni foleni ya Nyali Bridge. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani Mji wa Kale, kwa hiyo sikulelewa porini, wala sijawahi kushika upinde. Lakini kwa muda mrefu sasa nina hamu ya kupata kitoweo kwa mikono yangu mwenyewe, nikijua mnyama ameishi wapi na amekufa vipi. Wanangu wawili wanaijua nyama iliyoning'inia kwenye chuma cha bucha, basi. Hilo linanisumbua.

Naangalia sana video za Wamarekani. Kule mtu mzima asiyejua kitu husoma kozi ya usalama, akapewa cheti, akanunua leseni, akakaa juu ya mti na upinde wake tangu alfajiri akimsubiri kulungu. Akimpata, familia inakula miezi. Nami nataka kitu cha namna hiyo, kwa njia ya halali, kisheria na kidini.

Nauliza: leseni inatolewa ofisi gani? Silaha gani inamfaa anayeanza? Na kuna mwalimu huku Pwani anayekubali mwanafunzi mwenye mvi mbili tatu? Nitashukuru kujibiwa na mtu anayejua kweli.

Mwanasheria wa Tudor

Ndugu yangu, nikujibu la leseni kwanza kwa sababu hilo ndilo litakalokuponza. Ofisi hiyo Kenya haipo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini 1977, na mwaka uliofuata ikafungwa pia biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilikaza zaidi. Hata anayewinda kwa ajili ya sufuria ya nyumbani kwake, bila kuuza kipande, ana kosa la kufungwa. Kanga, kwale, paa, wote wamo humo. Ukiambiwa na mtu Kwale au Kilifi kwamba "huku ni kwetu, askari hawafiki", huyo hatakuwa kando yako siku ya kusimama kizimbani.

Tanzania uwindaji unaruhusiwa, kwa sheria yao ya 2009, na leseni ziko chini ya TAWA, mamlaka yao ya wanyamapori. Ila Mkenya kule ni mgeni. Utapitia kampuni, utaongozana na mwindaji bingwa mwenye leseni yake, na bei zimepangwa kwa watalii wa Ulaya na Marekani. Kuvuka mpaka pale Lunga Lunga ni rahisi, lakini kwa mtu wa mshahara njia hiyo imefungwa.

Mjukuu wa Kaloleni

Aliyotangulia kusema ni kweli. Nami naongeza la kwetu.

Babu yangu alikuwa na uta na podo la mishale, na sumu ilifungwa kwenye ngozi mbali na watoto. Lakini babu huyohuyo alikuwa akisema mabingwa hasa ni Waata, wale wengine huwaita Wasanye. Hao ndio waliokuwa wakimwendea ndovu kwa mguu, kwa upinde mzito ambao kijana mwenye nguvu zake hawezi kuuvuta mpaka mwisho, na mshale uliopakwa sumu ya mti wa msunguti. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaandama sana huko Tsavo, wakafungwa wengi. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wawinde kihalali chini ya usimamizi, na haukudumu. Nakueleza haya ili ujue kwamba huku Pwani ujuzi ulikuwapo tena mkubwa, na walionyang'anywa kwanza ni wenye nao.

Uta wa babu sikurithi. Nilichorithi ni kusoma nyayo, na hilo hakuna sheria inayolikataza. Nenda Arabuko-Sokoke, lipa kiingilio, chukua kiongozi, tembea naye alfajiri. Mwambie hutaki kuonyeshwa ndege tu, unataka nyayo, kinyesi, njia za paa, mahali walipolala. Kuna pia vikundi vinavyoingia msituni pamoja na askari wa wanyamapori kung'oa mitego ya waya. Ukijiunga nao utaujua msitu kuliko mtu wa bunduki. Na utaona paa aliyekufa kwa waya amekaa vipi. Ukishamwona mmoja, ile nyama ya porini inayouzwa usiku kwa jina la mbuzi hutaigusa.

Bi Mwamba, Likoni

Waaleikum salaam mwanangu. Swali lako nimelisoma jana usiku, leo baada ya alfajiri nikarudi kulisoma tena, maana wenzangu wamekujibu haki lakini wamekuacha mikono mitupu.

Mimi ni mtu wa Likoni, upande wa Timbwani, na nawinda tangu kabla sijaolewa. Ninayemwinda ni pweza, kwa mguu, maji yakitoka. Usije ukaona huo si uwindaji. Pweza ana nyumba yake na njia zake za kutoka na kurudi. Hujificha, hubadili rangi nawe unamtazama, na akishakujua umesimama pale anarudi ndani, hutamwona tena mpaka bamvua nyingine, zile siku maji yanapotoka mbali kabisa. Hayo uliyoyataja ya kungoja, na ya kumjua mnyama aliishi wapi, yote yako kwenye mwamba. Na kwa sisi Waislamu hakuna shaka ya kuwahi kuchinja.

La bunduki litoe kichwani. Hata baharini ile bunduki ya kurusha mshale imepigwa marufuku tangu 2001, pamoja na juya, ule wavu wa kukokota. Wako vijana watakaokwambia wanazo na wanakodisha. Waache.

Na kwa kuwa unakaa Bamburi, sikiliza vizuri: bahari iliyo mbele yako ni hifadhi. Ilitangazwa 1986. Ndani ya hifadhi yenyewe, kilomita za mraba 10, hutoi kitu, hata gamba tupu. Kuna eneo la akiba linaloizunguka, kilomita za mraba 200, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, lakini mgeni hajui mpaka unapita wapi. Usikisie. Nenda kwa kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia wavuvi wa ufuo, kwenye bandari ya wavuvi iliyo karibu, jitambulishe, sema unataka kujifunza. Watakuonyesha mpaka, watakueleza habari ya leseni ya mvuvi, na wakikupenda watakupa mtu wa kwenda naye. Asiyejitambulisha huonekana mwizi, na ana haki gani ya kulalamika?

Sasa kazi yenyewe.

Usinunue chochote kwanza. Bamvua yako ya kwanza nenda na viatu tu, sandak au raba ya soli ngumu, mikono mitupu. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, na hapa kwetu siku hizo maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, kisha kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Yakiwa maji mafu usijisumbue, mwamba haufunuki. Msimu mzuri ni wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na maji mang'avu. Kusi likivuma maji yanachafuka na mawimbi yanavunja juu ya mwamba, na mtu asiyezoea hana lake huko.

Shuka maji yakiwa bado yanatoka, fuatana nayo. Tembea polepole, jua likiwa ubavuni, kivuli chako kisikutangulie. Unachotafuta si pweza. Ukitafuta pweza hutaona kitu, utapita juu yake. Unatafuta uchafu wa mlo wake. Pweza hula kaa na makombe, na maganda huyatupa mlangoni. Ukikuta maganda ya kaa yamelundikana mahali pamoja, yainue, yatazame kwa ndani. Yakiwa makavu na meupe, nyumba imehamwa. Yakiwa bado na unyevu, na rangi yake haijafifia, mwenyewe yumo, au yuko njiani kurudi. Kisha tazama mchanga. Mbele ya shimo lenye pweza mchanga ni safi, umesukumwa nje, na vijiwe vimevutwa mlangoni kwa mpango. Mawimbi hayapangi vijiwe hivyo.

Halafu chutama ungoje. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi wanapochoka, hasa wanaume. Utaona maji ya kidimbwi yakitikisika kidogo mahali pamoja wakati hakuna upepo: anavuta pumzi. Baadaye jicho. Jicho hulitoa kwanza, limeinuka juu kidogo ya jiwe, na ngozi inayolizunguka imejaa vinundu na rangi ya mwani ule ule ulioko pale. Ukisogea ghafla anageuka mweupe wa madoa, na hapo ujue ameshakuona. Siku hiyo ya kwanza kaa na jicho hilo tu, uondoke. Nakwambia kwa dhati, atakayemwona pweza kabla pweza hajamwona, akamwacha na akarudi nyumbani, huyo nitamfundisha mengine yote.

Chuma ni baadaye. Mimi natumia vyuma viwili vya nondo ya milimita 6, kila kimoja kama urefu wa mkono na zaidi kidogo, kimoja kimenyooka, cha pili fundi amekipinda ncha iwe ndoana. Kile kilichonyooka hakichomi. Unamgusa nacho taratibu, unamkuna. Pweza hapendi kuguswa lakini ana hamu ya kujua, atatoa mkono mmoja akishike, kisha wa pili. Unahisi anavuta. Usishindane naye, mwachie avute kidogo, atoke mwenyewe kuja kukipigania. Mwili ukishafika mlangoni ndipo ndoana inapita nyuma yake, unamtoa mara moja. Atakumwagia wino na kukung'ang'ania mkono mpaka kiwiko. Tulia. Mchome katikati ya macho kwa ncha, pale pale, rangi yote inamtoka na mikono inalegea. Usimwache afe juani kwenye gunia. Nimeona watu wanafanya hivyo na inaniuma, kwa sababu kazi ya kummaliza ni ya nukta moja.

Mkono wako usiingie shimoni hata siku moja. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anakaa kwenye mashimo yale yale, na meno yake hayaachii. Konokono wenye gamba la umbo la pia wapite, wana sumu ya kuua. Samaki jiwe, mtu hamwoni mpaka awe amemkanyaga, ndiyo maana nikasema soli ngumu. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, kisha hospitali.

Na maji. Wanaozama mwambani huwa wameinama wanachokoa shimo. Maji hayarudi kutoka mbele unakotazama, hupitia mfereji ulio nyuma yako, kati yako na ufuo, nawe bado umesimama pakavu. Yakianza kugeuka, ondoka, hata kama ndoana imeshamshika.

Sasa linalonihusu zaidi kuliko yote. Jike la pweza hutaga mara moja katika umri wake. Huyatundika mayai kwenye dari ya shimo, vishada vyeupe vya punje ndogo kama mchele, akajifungia kwa mawe, akakaa anayapepea maji. Hali. Yakianguliwa naye anakufa. Basi ukikuta shimo limezibwa kwa mawe na nje hakuna maganda mapya, yumkini ni mama. Mpite. Na wadogo wapite pia. Tanzania wameweka nusu kilo kuwa kipimo cha sheria, nami nakifuata kipimo hicho huku kwetu. Pweza anakua haraka ajabu, uliyemwacha leo, baada ya miezi michache ni mwingine kabisa. Wavuvi wa Andavadoaka kule Madagaska walifunga sehemu ya mwamba wao 2004, wakangoja, walipofungua wakakuta wakubwa. Watu wa Pate kule Lamu nao wamefanya vivyo hivyo. Sisi wa Mombasa tumebaki kugombania watoto, na walanguzi wanawanunua wote, wadogo na wakubwa, bila kuuliza.

Atakayekwambia uvunje matumbawe kwa mtaimbo, au umimine dawa ya kufulia shimoni pweza atoke, huyo usimfuate hata hatua moja. Shimo likivunjwa hakuna pweza mwingine atakayehamia. Mimi nina mashimo ninayoyajua tangu mama yangu alipokuwa hai, na kila kaskazi yanapangwa tena.

Nahodha wa Mtwapa

Bi Mwamba amesema yote. Mimi nimwongezee ndugu njia ya pili, ya mshipi. Nunua mshipi wa mkono, ndoana ndogo, chubwi ya kuuzamisha, na chambo ya ngisi au kamba. Jumla ni pesa ya chakula cha mchana. Nenda kwenye mawe ya Mama Ngina jioni maji yakijaa, utawakuta wazee wamekaa. Salimia, kaa karibu, tazama wanavyoshika uzi kwa kidole. Watoto unaweza kwenda nao. Changu mdogo akila chambo mara ya kwanza utadhani ni maji yametikisa. Bunju ukimpata mrudishe majini, ana sumu, asiingie nyumbani kwako.

Boti za kuvulia sulisuli zipo huku Mtwapa msimu wa kaskazi, ni halali, lakini kukodi siku moja ni ghali, na kazi kubwa anaifanya nahodha. Kwa unachokitafuta wewe, mwamba ni bora.

Baba Swaleh wa Bamburi

Nimewasoma nyote, Mungu awalipe. Mwanasheria, umeniokoa, nilikuwa nimeshaanza kuzungumza na mtu wa Kinango. Mjukuu wa Kaloleni, Arabuko nitakwenda na wanangu likizo ya Agosti, inshallah.

Bi Mwamba, sikujua kama kitu hiki kiko ng'ambo ya feri tu. Naomba kuuliza matatu. Naruhusiwa kuja kujifunza kwenu, au wanawake wa mwamba hawapendi mwanaume? Naweza kuja na mkubwa wangu, ana miaka tisa? Na nikishampata, nampikaje? Mke wangu ni mtu wa Voi, pweza hajawahi kumgusa.

Bi Mwamba, Likoni

Wanaume wako mwambani kila siku, wengine wana miwani na wanazamia nje kule kwenye kina. Sisi wa mguu tunabaki juu. Hakuna atakayekufukuza ukija na adabu na ukikubali kutembea nyuma yangu. Mimi hupita kwa mwenyekiti wa BMU kabla ya kushuka, nawe utapita naye.

Mtoto mwache safari ya kwanza. Wewe mwenyewe utakuwa hujui kutazama maji, utamtazama yeye saa ngapi? Safari ya tatu au ya nne mlete, na viatu vyake.

Kupika ni kazi ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Mgeuze kichwa ndani nje, toa matumbo, mfuko wa wino, macho na ule mdomo mgumu ulio katikati ya mikono. Kisha mpige. Hapa wengi hudanganya, wanampiga kidogo, halafu wanalalamika anatafunika kama mpira. Mpige juu ya jiwe safi mpaka mikono yote imelegea na povu limekwisha, msuuze, mpige tena. Nyumbani mtie sufuriani bila maji, funika, moto mdogo, atatoa maji yake mwenyewe na kujipika humo. Yakikaribia kukauka, ndimu, kitunguu thomu, pilipili mbuzi, halafu tui la nazi, la pili kwanza kisha zito. Ile supu ya kwanza usimwage, mpe mkeo kikombe na chumvi na ndimu kabla ya kumwonyesha mikono yake. Wali au mahamri, mtachagua.

Bamvua ijayo ni ya mwezi kuandama. Siku ya pili yake maji yatakuwa mazuri zaidi kuliko siku yenyewe. Saa mbili asubuhi uwe umeshavuka feri. Njoo na kofia, maji ya kunywa na sandak. Ukija na chuma nitakuacha ufuoni.